Kliniki ya Presha Ndiyo Kliniki ya Kumbukumbu

Katika vitabu tulivyosomea, moyo una sura yake na ubongo una sura yake. Hospitali zetu nyingi zimepangwa kwa mtindo huohuo: mwenye presha ana siku yake ya kliniki, mwenye kisukari ana yake, na mzee aliyeanza kupotea njia ya kurudi nyumbani hana siku yoyote. Akiletwa, huenda akaelekezwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Na mara nyingi haletwi, kwa kuwa nyumbani wameshakubaliana kwamba ni uzee. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mgawanyo huo hauna tena msingi wa kisayansi, na kwamba unawapotezea wazee wetu uwezo wa akili ambao sehemu yake ingeweza kuhifadhiwa. Maradhi ya moyo na mishipa ya damu, na maradhi ya usahaulifu ambayo kitaalamu huitwa demensia, hukutana mapema, pengine miaka ishirini kabla ya dalili ya kwanza. Mojawapo ya mahali pao pa kukutania ni mchochota.

Neno hilo linahitaji maelezo. Wengi wetu, hata wahudumu wa afya tunapozungumza na wagonjwa, husema "uvimbe". Lakini uvimbe mtu huuona au huugusa, tena ndilo neno tunalolitumia kwa saratani, jambo linalozua hofu isiyo ya lazima. Mchochota ni mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya jeraha au kitu kigeni. Mtu akichomwa na mwiba kidoleni, pale mahali panakuwa pekundu, panapata joto, panauma na kuvimba; baada ya siku chache kazi imekwisha na kinga inatulia. Mchochota ninaouzungumzia hapa hauna maumivu wala homa. Unaendelea taratibu kwa miaka mingi ndani ya kuta za mishipa, na mwenye nao anaendelea kulima, kufundisha au kuuza duka bila kujua lolote. Maabara huweza kuuona kivuli chake kwa kupima katika damu protini iitwayo CRP, ambayo ini huitengeneza pale kinga inapokuwa kazini.

Kwamba mshipa unaoziba ni mshipa wenye mchochota si habari ya jana. Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani, alilieleza jambo hilo katikati ya karne ya 19. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari walifundishwa kuuona mshipa kama bomba la maji, na lehemu kama uchafu unaoganda ndani yake. Picha hiyo ilipata pigo kubwa mwaka 1999, pale Russell Ross, mtafiti wa Marekani, alipochapisha makala mashuhuri yaliyoutaja ugonjwa huo waziwazi kuwa ni ugonjwa wa mchochota. Leo tunajua kwamba lehemu hupenya chini ya utando wa ndani wa mshipa na kubadilika kikemikali. Seli nyeupe za damu huja kuimeza, hushindwa kuimaliza, hufia hapohapo na kuita nyingine. Rundo linalojengeka kwa namna hiyo likipasuka, damu huganda juu yake. Likiwa katika mshipa wa moyo, tunaita shambulio la moyo. Likiwa katika mshipa wa ubongo, tunaita kiharusi.

Upande wa ubongo nao una historia yake, na kuna jambo ndani yake ambalo husahaulika. Mwaka 1906 Alois Alzheimer alieleza mbele ya wenzake kisa cha mgonjwa wake, Auguste Deter, aliyefariki mwaka huohuo. Kila mwanafunzi wa udaktari anayakumbuka mabonge na nyuzi ambazo Alzheimer aliziona kwa darubini. Wachache wanakumbuka kwamba katika taarifa yake fupi ya mwaka 1907 alitaja pia kuwa mishipa mikubwa ya ubongo ule ilikuwa na dalili za kukakamaa, na kwamba seli saidizi za ubongo zilikuwa zimetoa nyuzi nyingi. Basi ushahidi wa mishipa na wa mwitikio wa tishu uliwekwa mezani tangu siku ya kwanza. Waliorithi taarifa ile walishughulika zaidi na mabonge.

Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayoivuta, na hauna ghala la kuwekea akiba. Kila unapofanya kazi, vishipa vya sehemu husika hupaswa kutanuka mara moja na kupitisha damu zaidi. Anayeamuru kutanuka huko, kwa kiasi kikubwa, ni utando mwembamba wa ndani ya mshipa, kwa kutoa gesi ya naitriki oksaidi. Utando huohuo ndio mlinzi wa lango linalotenganisha damu na ubongo. Sasa presha inapougonga mwaka baada ya mwaka, sukari inapokuwa juu, moshi wa sigara unapoufikia, utando hughadhabika. Huotesha vinata vinavyonasa seli nyeupe zinazopita, na gesi ile hupungua. Mshipa hupoteza wepesi wake. Lango nalo hulegea, na protini za damu ambazo hazikupaswa kuingia ubongoni huingia. Hapo huamka maikroglia, ambazo ndizo askari wakazi wa ubongo. Kwa muda mfupi uangalizi wao ni wa manufaa; wakikaa macho kwa miaka huanza kuharibu hata maungio ya neva yaliyo mazima. Isitoshe, sehemu ya amiloidi, yaani protini inayounda mabonge ya Alzheimer, huondolewa ubongoni kwa kupitia kuta za mishipa. Mishipa ikiharibika, taka hubaki ndani.

Ndiyo maana ninaona mjadala wa iwapo mzee fulani ana demensia ya Alzheimer au ya mishipa mara nyingi hauna tija kitandani kwa mgonjwa. Watawa wa Kikatoliki nchini Marekani waliokubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa walitufundisha jambo hilo. Mwaka 1997 David Snowdon na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa watawa ambao ubongo wao ulikuwa na alama za Alzheimer, wale waliokuwa pia na makovu madogo ya kiharusi katika sehemu za ndani za ubongo ndio hasa walioonyesha demensia walipokuwa hai. Maradhi hayo mawili yalikuwa yamesaidiana.

Na muda je? Katika visiwa vya Hawaii, watafiti walipima CRP katika damu iliyohifadhiwa ya wanaume wenye asili ya Japani, iliyochukuliwa walipokuwa na umri wa kati, kisha wakailinganisha na hali yao ya akili miaka 25 baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokuwa katika robo ya chini kabisa ya kiwango cha CRP walikuwa na hatari ndogo, na wengine wote hatari yao ilikuwa takribani mara tatu. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mchochota ndio uliosababisha, lakini unatuambia saa ya kuangalia. Mtu wa miaka 45 anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza na presha ya 150/95, akicheka na kusema hajisikii kuumwa, ndiye tunayepaswa kumtazama tunapofikiria demensia.

Hapa msomaji makini atauliza: ikiwa mchochota ndio daraja, kwa nini tusilivunje kwa dawa? Swali ni la haki, na majibu yake yametoka katika majaribio makubwa. Mwaka 2017 jaribio lililoitwa CANTOS, lenye wagonjwa 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo na wenye CRP ya juu, lilijaribu dawa ya kanakinumabu, ambayo huzuia ujumbe mmoja mahususi wa mchochota bila kugusa lehemu. Dozi ya miligramu 150 ilipunguza matukio mabaya ya moyo na mishipa kwa asilimia 15. Lilikuwa jambo kubwa kisayansi, kwani ndipo ilipothibitika kwa binadamu kwamba kutuliza mchochota peke yake kunasaidia moyo. Lakini waliotumia dawa hiyo walikufa zaidi kwa maambukizi, na jumla ya vifo haikupungua. Kolkisini, dawa kongwe na rahisi ya jongo, ilifanya vizuri katika majaribio ya mwaka 2019 na 2020, hata Marekani ikaiidhinisha mwaka 2023 kwa ajili ya moyo. Kisha mwaka 2024 jaribio jingine kubwa la watu waliotoka tu kupata shambulio la moyo halikuona faida. Kwa upande wa ubongo mambo ni magumu zaidi. Jaribio la ADAPT lilitaka kujua kama neprokseni na selekoksibu, dawa za maumivu zinazotuliza mchochota, zingewakinga wazee dhidi ya Alzheimer. Dawa zilisimamishwa mwaka 2004 kwa hofu ya madhara kwa moyo, na kinga iliyotarajiwa haikuonekana.

Ninalisisitiza hili kwa sababu najua makala kama haya yanavyosomwa. Kesho yake kuna mtu atakwenda duka la dawa kununua diklofenaki ili "apunguze mchochota". Tafadhali asifanye hivyo. Dawa za kundi hilo, zikimezwa kila siku kwa ajili ya magoti au kiuno kama wengi wanavyozimeza, hupandisha presha na kudhuru figo, na nyingine huongeza hatari ya shambulio la moyo. Na wale wanaouza chupa za "kuondoa sumu mwilini" katika vituo vya mabasi wasipewe hoja mpya ya biashara kutokana na maneno yangu.

Kuna funzo jingine, na hili linatuhusu zaidi sisi wa nchi za joto kuliko wenzetu wa Ulaya. Katika misitu ya Bolivia wanaishi Watsimane, watu wanaolima, kuvua na kuwinda. Wana minyoo na maambukizi mengi, na karibu nusu yao CRP iko juu. Kwa hesabu ya haraka wangepaswa kuwa wagonjwa wa moyo kupita wote. Kinyume chake, utafiti wa mwaka 2017 ulikuta kwamba asilimia 85 ya watu wazima waliopigwa picha za kompyuta hawakuwa na chokaa yoyote katika mishipa ya moyo, hali ambayo haikuwahi kuonekana katika jamii nyingine iliyochunguzwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta pia kwamba demensia miongoni mwa wazee wao ni takribani asilimia 1 tu. Lehemu yao iko chini, presha yao iko chini, sigara ni chache, na hawakai kitako. Mimi nasoma hapo kwamba mchochota unaotokana na maambukizi, ukikosa lehemu, presha na sukari za kushirikiana nazo, hauibomoi mishipa kwa namna ileile. Hatari yetu ni kwamba vijiji na miji yetu inaanza kuwa na vyote kwa pamoja: maambukizi ya zamani hayajaondoka, na soda, chumvi, bodaboda ya kila safari na kiti cha ofisini vimeshafika.

Wenye virusi vya UKIMWI wanaonyesha hali hiyo kwa uwazi kuliko wengine. Dawa za kufubaza virusi zimewapa umri mrefu, na hilo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya tiba katika kizazi chetu. Hata hivyo, kwa wengi mchochota hauishi kabisa hata virusi visipoonekana katika kipimo, na hatari yao ya maradhi ya moyo ni kubwa kuliko ya wenzao. Jaribio la REPRIEVE, lililohusisha watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, lilionyesha mwaka 2023 kwamba kidonge kimoja cha statini kwa siku kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Hawa ni watu ambao tayari wana kliniki, wana kadi, na wanafika kwa tarehe. Kuwapima virusi na kuacha kuwapima presha wakiwa kwenye benchi hilohilo ni jambo ambalo sijawahi kupewa sababu yake ya kuridhisha.

Turudi basi kwenye presha, kwa maana hapo ndipo penye ushahidi wa vitendo. Jaribio la SPRINT MIND la Marekani, lililotoa matokeo mwaka 2019, lililinganisha kushusha presha ya juu hadi chini ya 120 na kuishusha hadi chini ya 140. Hali ya awali ya kupungua kwa kumbukumbu ilipungua kwa asilimia 19. Kwa demensia yenyewe tofauti ilielekea upande wa faida lakini haikufikia kiwango cha kuthibitika kitakwimu, kwa sehemu kwa sababu jaribio lilikatizwa mapema. Kisha mwaka 2025 yakaja matokeo kutoka vijiji 326 vya China, vyenye washiriki karibu 34,000 wa miaka 40 na kuendelea. Katika nusu ya vijiji hivyo, waganga wa vijiji, ambao si madaktari wa shahada, walipewa mwongozo rahisi wa hatua kwa hatua wa kuanzisha na kuongeza dawa za presha, dawa zenyewe zikitolewa bure au kwa bei nafuu, na wagonjwa wakafundishwa kujipima nyumbani. Baada ya miaka minne demensia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 ikilinganishwa na vijiji vingine. Jaribio hilo halikukusudiwa kujibu swali la mchochota, na huenda faida ilipita katika njia kadhaa. Lakini dawa zilizotumika ni za kawaida, na waliozitoa ni watu wa ngazi ambayo sisi pia tunayo. Tanzania ilizindua programu yake ya kitaifa ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwaka 2024. Ningependa kuona mashine ya presha katika kila mkoba wao kabla ya kipeperushi kingine chochote.

Wala tusijidanganye kwamba tatizo ni la wazungu. Zaidi ya asilimia 60 ya watu wenye demensia duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, baada ya kurekebisha umri. Katika wilaya hiyohiyo, takribani wazee saba kati ya kumi wa umri huo walikuwa na presha, wengi wao bila kujua, na waliokuwa wameidhibiti walihesabika kwa urahisi.

Tuchukue mfano ambao muuguzi yeyote wa kliniki ya presha ataufahamu. Bibi wa miaka 72 amefika akiwa na presha ya 178/96, ingawa mwezi uliopita alipewa amlodipini na dawa ya kuongeza mkojo. Anaulizwa, "Bibi, dawa unameza?" Anajibu, "Nameza, mwanangu," kwa upole na kwa uhakika kamili. Vidonge viko nyumbani ndani ya kopo, zaidi ya nusu havijaguswa. Kwenye kadi yanaandikwa maneno "hafuati matibabu", na dozi inaongezwa. Mwezi wa Desemba binti yake anakuja likizo, anachukua usimamizi wa dawa na kumpa zote kama zilivyoandikwa. Presha inaporomoka, bibi anaanguka akienda chooni usiku, nyonga inavunjika. Katika mlolongo huo wote kila mtu alitimiza wajibu wake kama alivyofundishwa. Hakuna aliyeuliza kama bibi anakumbuka.

Nitaambiwa kwamba kuipima kumbukumbu kunahitaji mtaalamu na muda. Kipimo kiitwacho IDEA kilitengenezwa hukohuko Hai, kwa kuzingatia wazee ambao hawakupata nafasi ya kusoma. Mzee hupewa njiti za kiberiti aige umbo alilopangiwa, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na baadaye huulizwa maneno aliyosomewa mwanzoni. Hakuna kalamu wala hesabu. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kukifanya wakati mgonjwa anasubiri presha yake ipimwe mara ya pili, kusubiri ambako, ikiwa tunafuata mwongozo, kupo tayari.

Nitaambiwa pia kwamba demensia haina dawa ya kuiponya, kwa hiyo kuigundua ni kumwongezea mtu huzuni. Hoja hii ninaiheshimu, kwani inatoka kwa watu wenye huruma. Lakini ugunduzi hubadilisha mambo madogo yenye uzito mkubwa: vidonge vitatu hupunguzwa kuwa kimoja chenye mchanganyiko, mjukuu hupewa kazi ya kuvitoa asubuhi kabla ya kwenda shule, lengo la presha hulegezwa kwa aliye dhaifu, na mume huacha kumgombeza mkewe kwa kuunguza ugali. Katika baadhi ya maeneo yetu, ambako bibi anayezungumza peke yake usiku huweza kuitwa mchawi, maelezo ya muuguzi mbele ya wanafamilia ni kinga ya uhai wake.

Sitaki kliniki mpya wala jengo jipya. Kwa kuanzia ningetaka kadi ya presha iongezwe mstari mmoja kwa kila aliyefikisha miaka 60, unaojazwa mara moja kwa mwaka: tarehe, alama za kipimo cha kumbukumbu, na jina la mtu anayeshika dawa nyumbani.